Amplifaya ya Mpemba

Radi ilipopiga nguzo ya umeme nyuma ya nyumba yao, mtaa mzima wa Tunduma ulikosa taa, lakini Nuria ndiye aliyekosa muziki. Amplifaya iliyokuwa sebuleni ilitoa moshi mwembamba, ikanuka kama nywele zinazoungua, ikafa. Spika zilipona. Zilikuwa mbili, ndefu kufika kiunoni, maboksi yake ya mbao za mninga yaliyotengenezwa kwa mkono na baba yake, fundi redio wa Tabora. Mzee huyo hakuwa na shamba wala mifugo ya kumpa binti yake siku ya kuolewa, akampa spika. Alikuwa pia amempa elimu ya kuzitunza, maana Nuria alikulia chini ya meza ya ufundi, akiokota risasi ya kuchomea na kushika tochi baba yake alipoinama ndani ya redio za watu.

Mume wake, Yassir, aliahidi kununua amplifaya nyingine. Mvua zikaisha, kiangazi kikaja, mvua zikarudi. Spika zikabaki zimesimama pembeni mwa televisheni, juu yake Nuria ametandika vitambaa vya kufuma. Yassir alikuwa mtu wa Tanga aliyekuja Tunduma akiwa utingo na sasa ana malori mawili yanayovuka kwenda Zambia na Kongo. Hakuwa mtu wa kupiga kelele wala kuinua mkono. Alikuwa na namna yake ya kukata mtu taratibu, huku anatabasamu. Siku moja, mbele ya wageni waliokuwa wanasifu pilau, alisema kweli mkewe ni mpishi hodari, ila kwa bahati mbaya mtu haoi sufuria. Wageni walicheka. Nuria naye alicheka, kisha akaenda jikoni akakaa huko hadi walipoondoka.

Kwa hiyo asubuhi ile Yassir alipomwambia avae watoke, akamchagulie amplifaya kwa sababu yeye mwenyewe hana masikio, Nuria alidhani hakusikia vizuri. Alitoa baibui aliyoiweka kwa ajili ya Idi. Akajifukiza udi. Mkononi alishika karatasi ndogo aliyonakili maandishi ya mgongoni mwa spika, ingawa aliyajua kwa moyo.

Walianza upande wa Nakonde, ng'ambo ya kizuizi cha mpaka. Kijana wa Kizambia aliyewakaribisha kwa Kibemba, kisha kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili cha kuuzia, aliwasha seti mpya iliyokuwa inametameta taa za bluu, na vijispika vitano kama vikopo vya maziwa. Mbele imeandikwa wati elfu moja. Yassir alipenda zile taa. Nuria aliinua chombo kile kwa mkono mmoja, akakirudisha mezani. Alimweleza mumewe kwa sauti ya chini kwamba amplifaya ya kweli ni nzito, kwa sababu ndani yake mna chuma na shaba. Hii ni nyepesi kama boksi la biskuti, na hizo wati ni maandishi tu. Tena haipokei spika nyingine ila hivyo vikopo vyake. Spika zao zingebaki mapambo.

Yassir alimsikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali, akajibiwa, akauliza jingine. Njia nzima ya kurudi upande wa Tanzania, wakipenya katikati ya malori yaliyopanga foleni, alikuwa anamshika kiwiko ili asikanyage madimbwi ya oili. Nuria alikuwa na miaka mingi hajashikwa kiwiko.

Duka la pili lilikuwa la Lusubilo, Mnamwanga mmoja mpole aliyekuwa anauza vyombo vilivyotumika kutoka Afrika Kusini, karibu na yadi ya malori. Alikuwa na amplifaya tatu mezani, zote za aina ile ya kuangalizia sinema, zenye matundu ya spika za mbele, za nyuma na ya katikati. Ya kwanza ilikuwa nzuri kweli, lakini Yassir aliposikia bei alitoa mkono mfukoni ukiwa mtupu. Ya pili ilikuwa rahisi, ila mgongoni iliandikwa omu nane tu, kipimo cha spika inazoweza kubeba, na spika za Nuria zilikuwa za nne. Alieleza kwamba spika ya nne ina ulaji mkubwa. Ukiifunga kwenye chombo cha nane kitachemka kama sufuria iliyosahauliwa, na siku moja kitakufa. Ya tatu ilikuwa imekwaruzwa uso na kitufe kimoja kimeng'oka. Nuria aliigeuza. Ilikubali nne. Ilikuwa na mahali pa deki, mahali pa televisheni, na uzito wa mtoto anayejifunza kutembea.

Akaomba bisibisi. Lusubilo alimpa, akasimama pembeni akitazama mwanamke wa baibui anavyofungua kifuniko bila kuuliza skrubu iko wapi. Ndani kulikuwa na vumbi la kawaida, hakuna kilichoungua. Lakini mahali pa fyuzi palikuwa pamezungushiwa uzi wa waya.

Lusubilo hakuficha. Alisema fyuzi za saizi ile zimeadimika mjini, na wateja hawajali mradi inalia. Nuria aliwaeleza wote wawili kwamba fyuzi ndiyo inayokufa ili wengine wapone. Kukiwa na huo uzi wa waya, siku nyaya za spika zikigusana, moto utaingia kwenye amplifaya, ukitoka hapo unamalizia spika. Yassir alisema atapitia Mbeya kutafuta fyuzi, si jambo la kukosesha usingizi.

Kisha Nuria akaomba diski, akafunga macho, akasikiliza. Aliomba wapunguze besi, waongeze, wapunguze tena. Alipofumbua macho alisema hii inafaa. Bei alizungumza yeye, kwa upole wa mtu asiyekuwa na haraka, hadi Lusubilo akacheka na kukubali. Yassir alimwambia mwenye duka, kwa sauti ya kusikika, kwamba mke kama huyu haokotwi njiani.

Alimrudisha nyumbani kwanza, akasema anapitia yadi mara moja. Nuria alifagia sebule upya. Alitoa vile vitambaa vya kufuma juu ya spika, akapangusa mninga kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi, akasogeza meza ya televisheni ili amplifaya ipate hewa. Alikuwa amepiga magoti anachomoa nyaya za zamani aliposikia gari.

Yassir aliingia na utingo wake. Mikono yao ilikuwa mitupu. Utingo alimwamkia Nuria bila kumtazama, akaenda moja kwa moja kwenye spika ya kushoto na kuikumbatia.

"Amplifaya iko kwenye gari," Yassir alisema. "Hizi ndizo tulizofuata."

"Zinakwenda wapi?"

"Mpemba, pale nje ya mji. Nimeoa, Nuria, tangu baada ya Idi. Nyumba ile haina kitu, mtoto wa watu anakaa kimya kutwa kama yuko msibani."

Utingo alishatoka na ya kwanza. Nuria alibaki pale chini na nyaya mkononi. Alichoweza kusema ni kwamba spika hizo ni za baba yake.

"Marehemu hasikilizi muziki," Yassir alisema, akainama, akamchukulia zile nyaya vidoleni na kuzizungusha vizuri kwenye kiganja chake. "Kesho nitakuja kukuchukua ukazifunge. Mafundi wa stendi wataziharibu, na wewe unazijua."

Mtu anaweza kuuliza kwa nini alikwenda. Majirani waliuliza hivyo baadaye. Nuria mwenyewe, usiku kucha, alijiambia haendi. Asubuhi gari lilipopiga honi alikuwa ameshavaa. Alitaka kumwona. Alitaka awe mzuri sana, ili apate pa kuwekea hasira yake, au awe mbaya sana, ili acheke.

Hakuwa mzuri sana wala mbaya sana. Alikuwa msichana wa uso wa duara, mkimya, mimba imeanza kuinua dera. Alizaliwa Isongole, milimani kule Ileje, na kwao aliitwa Anna. Yassir alipomuoa akawa Yasmini, na baba yake Mbonile, mzee wa kanisa, akampelekea ujumbe kwamba aliyebadili jina asirudi kuomba chumvi kwenye nyumba ya jina la kwanza. Haya yote aliyasema mwenyewe, chai ikiwa mezani, kwa Kiswahili chenye mdundo wa Kindali, lugha ya kwao, kama mtu anayeeleza habari za mvua. Alimwamkia Nuria kwa kupiga magoti.

"Dada, Mungu akulipe," alisema. "Mume wetu ameniambia umekataa kabisa nikae bila muziki. Ameniambia hizi spika ni zawadi yako ya harusi kwangu."

Nuria alimtazama Yassir. Yassir alikuwa anakoroga chai yake, na kwenye pembe ya mdomo wake kulikuwa na lile tabasamu.

Kama si hilo, huenda angefunga nyaya vizuri na kwenda zake. Alinywa chai mpaka ikaisha. Kisha akaingia nyuma ya kabati na bisibisi, akageuza amplifaya, akaanza kumenya nyaya. Kila waya wa spika una nyuzi nyingi ndani, nyembamba kama nywele, na fundi anazisokota pamoja kabla ya kuzibana ili hata moja isichomoze. Baba yake alikuwa akimpiga kofi la mkono kwa kila unyuzi uliochomoza. Nuria alisokota, akabana. Kwenye spika ya kulia aliacha nyuzi chache za waya mwekundu nje. Alizikunja kuelekea kwenye mweusi, zisiuguse. Zilibaki karibu kiasi kwamba mtikisiko wa besi ungezifikisha.

"Fyuzi umeshapata?" aliuliza akiwa kule nyuma.

"Utaniua kwa fyuzi," Yassir alisema. "Nitapata."

"Basi mtu asiguse huku nyuma."

Yassir alimuuliza Yasmini kama amesikia, kisha akatoka nje kupokea simu. Yasmini aliinama karibu na kabati, akauliza kwa wasiwasi kama na vumbi pia asifute, maana Mpemba barabara kuu iko karibu na malori yanaleta vumbi kila saa.

"Vumbi futa," Nuria alimwambia. "Polepole tu."

Waliwasha. Sauti ilikuwa njema kuliko hata nyumbani, kwa kuwa chumba hakikuwa na mapazia mazito. Yasmini alifunika mdomo kwa mikono miwili. Nuria alisikiliza kidogo, akaomba kurudishwa nyumbani.

Jumamosi iliyofuata Yassir alialika wenye malori wenzake Mpemba kuangalia mpira wa Ulaya. Alimtaka Nuria akapike, kwa sababu Yasmini, alisema, anajua ugali na maharage tu. Nuria akapika pilau ya mbuzi, Yasmini akimenya vitunguu saumu pembeni yake na kumuuliza kila kiungo kinaingia wakati gani. Asubuhi ile msichana alikuwa amefagia, amepiga deki, amefuta kila kitu. Nyumba ilinukia sabuni.

Wageni walikaa, sinia zikaingia. Yassir aliwaeleza jinsi alivyozunguka nchi mbili kutafuta chombo kinachofaa spika hizi. Wengine, alisema, wananunua taa za bluu. Watu wakatikisa vichwa. Mpira ulipochangamka akaongeza sauti, umati wa uwanja ukajaa chumbani, mmoja wao aliyeitwa Abdul akainua kidole gumba. Yassir akaongeza tena.

Spika zilinguruma mara moja, ngurumo ya mnyama aliyekanyagwa, kisha ikaja harufu. Moshi ulitoka kwenye amplifaya, halafu, kidogo kidogo, kwenye vitambaa vya mbele vya spika zote mbili. Picha iliendelea bila sauti. Mtu alifunga goli na hakuna aliyelisikia.

Abdul ndiye aliyeanza. Aliuliza kama wameitwa kwenye mpira au kwenye nyama choma. Chumba kizima kikacheka, mmoja akapaliwa na wali. Yassir naye alitabasamu, akachomoa umeme, akamwita Nuria kutoka jikoni aangalie.

Nuria aliinama nyuma ya kabati. Nyuzi zilikuwa zimeyeyuka na kufanya kipande cha shaba, kidogo kama punje ya mtama. Alikibana kwa kucha, kikakatika, akakishika ndani ya kiganja. Alikuwa amepata alichokitaka: Yassir ameaibika mbele ya watu wake. Alijiambia hicho ndicho pekee alichokitaka.

"Nyaya zimeguswa," alisema.

"Nani alikuwa huku nyuma?" Yassir aliuliza, kwa upole.

Yasmini alikuwa mlangoni na birika la kunawia mikono. Alisema alifuta vumbi tu asubuhi, polepole, kama dada alivyosema. Akamtazama Nuria ili amalizie maneno.

Wageni wote waligeuka kumtazama Nuria. Ile shaba ilikuwa bado na joto ndani ya kiganja chake.

"Nilisema mtu asiguse nyuma," Nuria alisema.

"Hata mimi nilisikia," Yassir alisema.

Hakumpiga. Alimwambia Yasmini awanawishe wageni mikono, na Yasmini akazunguka na birika, mgeni mmoja mmoja, maji yakimwagika nje ya beseni. Alipofika kwa Yassir, Yassir alinawa taratibu, akajifuta, akasema kwamba alimtoa mlimani, akampa jina, akampa sakafu ya saruji, na kumbe hata kufuta vumbi hajui. Kisha akampa talaka, pale pale, kwa sauti ile ile aliyosifia pilau. Abdul, ambaye hakuwa anacheka tena, alimkumbusha kwamba mwenzake ana mimba.

"Mimba inakwenda na mwenyewe," Yassir alisema, akaomba vijiti vya meno.

Watu wa msikitini walimwita, wakamwambia mambo ya eda na matunzo. Aliwasikiliza kwa adabu, akawaahidi, akavuka mpaka na lori lake kwenda Kongo. Mwenye nyumba ya Mpemba alikuja kudai funguo. Yasmini hakuwa na mtu mjini, na mtu pekee aliyemjia ni Nuria. Alimsaidia kufunga nguo kwenye shuka, akamsindikiza hadi penye magari ya Isongole, akamlipia nauli kwa dereva, Osward, ambaye ni mtu wa huko huko na aliijua nyumba ya Mbonile. Gari lilikuwa linasubiri kujaa. Walikaa kwenye benchi la muuza chai. Yasmini alikuwa amelia hadi uso umevimba, na sasa alikuwa ametulia, mikono juu ya tumbo.

"Dada, naomba uniambie," alisema. "Nilishika wapi vibaya? Nalala nafikiria hilo tu. Nilipitisha kitambaa juu, sikuvuta kitu."

Nuria alitazama gari. Abiria bado walikuwa wachache.

"Siku nyingine ukifuta vumbi," alisema, "zima umeme kwanza."

Yasmini alikubali kwa kichwa, akilishika neno hilo kama mwanafunzi. Akasema asante. Akasema kwamba katika watu wote wa Tunduma ni dada yake peke yake aliyemfanyia wema, na hatamsahau. Osward alipowaita wapande, alipiga magoti kuaga, mbele za watu, kwenye vumbi, na ilibidi Nuria amwinue kwa sababu ya lile tumbo.

Yassir aliporudi kutoka Kongo alirudi nyumbani, na tangu hapo akawa analala nyumbani. Majirani walimpa Nuria pongezi kwa chini chini. Spika zilirudishwa zimeungua ndani. Yassir alimpa seremala azitoe matumbo na kuzigeuza kuwa makabati ya viatu, kwa kuwa mninga, alisema, ni mbao ya kudumu. Hakumuuliza Nuria. Nuria akawa anapanga humo viatu vya mumewe kila jioni. Mara nyingine Yassir alikuwa anamtania mbele ya watu kwamba mke mkubwa amekaa mpaka mke mdogo akashindwa, kwamba amekuwa kama kupe. Nuria alicheka na wageni, kama zamani. Ila siku hizi hakuwa anakwenda jikoni.

Msimu wa mvua ulipoanza, Osward alisimamisha gari mbele ya nyumba. Alikuwa na mkungu wa ndizi na kikapu cha maparachichi. Alieleza kwamba Anna, huko wanamwita hivyo tena, amejifungua mtoto wa kiume. Mbonile hajamruhusu kuingia nyumba kubwa. Analala jikoni, penye moto, na mama yake anampelekea chakula kwa kuibia. Mtoto ana kifua, jiko lina moshi mwingi. Ndizi ameziomba kwa shangazi yake ili zimfikie dada Nuria, ashukuriwe kwa ile nauli. Osward aliuliza kama kuna ujumbe wa kurudisha.

Nuria alisema awasalimie.

Jioni alizimenya ndizi, akazipika kwa nazi na nyama. Yassir alikula, akasema ndizi hizi ni laini, si kama za kila siku, akauliza zimetoka wapi. Nuria alimwambia amezinunua sokoni. Yassir akasogeza sahani yake mbele, na Nuria akamwongezea.